Hawakuwa Kunguni

Binti yangu alianza kujikuna mwezi wa Februari mwaka jana. Vipele vidogo vyekundu vilimtoka ubavuni, kiunoni na nyuma ya magoti. Usiku vinamwasha hadi analia, mchana vinatulia, jioni vinaanza upya. Nilimpaka mafuta ya nazi. Nikabadilisha sabuni ya kufulia. Nikamkatia mayai na karanga, kwa sababu mdogo wangu aliwahi kutokwa na vipele vya karanga tulipokuwa watoto Unguja. Haikusaidia. Usiku wa sita nilivua shuka zote kitandani mwake, nikapiga magoti sakafuni na tochi ya simu, na lile neno nililokuwa nikilikwepa wiki nzima likanijia: kunguni.

Aliyeishi ughaibuni anaujua uzito wake. Hapa Leicester, Uingereza, sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunajuana. Maulidi ni yale yale, harusi ni zile zile, watoto wanalala nyumba hii leo na ile kesho. Ukisema una kunguni hakuna atakayekutukana, ila kila utakayemwalika atapata udhuru. Najua vizuri kwamba kunguni hana habari na usafi wa mtu. Anapanda kwenye begi lako hotelini au kwenye treni, mnafika pamoja nyumbani. Kujua huko hakukuniondolea aibu. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na mimi niliyezoea kufuturisha watu nikaanza kutafuta sababu za kutomwalika mtu.

Nikaita watu wa kupiga dawa. Alikuja kijana mmoja, akauliza mtoto analala wapi, akatazama picha ya ubavu wa mtoto kwenye simu yangu, akatikisa kichwa na kufungua sanduku lake. Hakuinua godoro. Hakuchungulia mishono. Tulikaa nje kwa saa kadhaa, tukarudi nyumba nzima inanuka dawa. Baada ya wiki mbili akaja kupiga mara ya pili kama tulivyokubaliana, nikamlipa. Vipele viliendelea. Namlaumu, na najilaumu na mimi, maana sote wawili tulimpa mdudu jina bila ya kumwona.

Aliyenizindua ni daktari wa mtaa wetu. Alimkagua mtoto polepole, kisha akaniuliza swali moja: "Umemwona mdudu mwenyewe?" Nikasema hapana. Damu kwenye shuka? Hapana. Akanieleza kuwa vipele peke yake havimtambulishi mdudu, kwa sababu ngozi ina namna chache tu za kulalamika na mambo mengi ya kulalamikia. Akaandika dawa ya mzio, akaniambia nikatafute.

Basi nikatafuta, safari hii nikijua ninachokitafuta. Kunguni mkubwa ni kama mbegu ya tufaha: bapa, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, hana mabawa, na akishiba damu anavimba na kurefuka. Hata asipoonekana, huacha alama. Kwenye mishono ya godoro utakuta vidoa vyeusi kama mtu amegusisha ncha ya kalamu ya wino. Hicho ni kinyesi chake, damu iliyomeng'enywa. Utakuta maganda yake ya rangi ya chai, mayai meupe yamegandishwa kwenye nyufa za kitanda, na michirizi ya damu pale mtu alipomlalia. Nilifungua kitanda skrubu moja moja. Nilipitisha kadi ya benki kwenye kila mshono wa godoro. Sikuona doa hata moja.

Jibu lilikuja lenyewe mwishoni mwa Aprili, kwa miguu sita, kwenye ukingo wa dirisha la sebuleni.

Jua lilikuwa limetoka, jua la kweli, la kwanza tangu Oktoba. Nilikuwa nafuta vumbi nikaona kitone cheusi kinatembea juu ya rangi nyeupe. Kilikuwa na ukubwa wa kichwa cha pini ya mtandio, labda milimita tatu, mviringo, kimeinuka mgongo kama mbegu. Nilipokigusa kwa ukucha kikaacha kutembea. Kikaingiza miguu chini ya tumbo, kikaficha vipapasio, kikawa punje tu. Ningekuwa na haraka ningekifuta nikakitia kwenye taka na vumbi jengine. Nikakinasa kwa selotepu, nikakibandika kwenye karatasi nyeupe, nikapiga picha na simu huku nimeishikilia juu yake ile lenzi anayosomea mume wangu.

Sikutarajia nilichokiona. Mgongo haukuwa mweusi hata kidogo. Ulikuwa umefunikwa vigamba vidogo mno, vimelaliana kama vigae vya paa, vyengine vya kahawia, vyengine vyeupe, vyengine vya manjano kama bizari, vimejipanga kwa mawimbi. Nilipokisugua kidogo kwa ncha ya sindano vigamba vikatoka kama unga wa bawa la kipepeo, na chini yake kukabaki weusi unaong'aa. Ndiyo maana wadudu wazee wa aina hii huonekana weusi: wamechakaa, wamepukutika mapambo yao. Nilikaa pale dirishani muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kitaalamu anaitwa Anthrenus verbasci. Linnaeus, Mswidi yule aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, ndiye aliyemwandika mwaka 1767, na jina la pili alilitoa kwenye mmea uitwao Verbascum, mmea wa maua ya manjano. Waingereza humwita kwa jina la zulia. Kwa Kiswahili tunalo neno mbawakawa kwa jamii nzima ya wadudu wenye mabawa ya mbele magumu kama kifuniko, kwa hiyo mimi namwita mbawakawa wa zulia, na sijaona sababu ya kutafuta jina jengine.

Lakini tazama: mbawakawa mwenyewe hali zulia. Aliyekomaa hula chavua na nekta ya maua, hasa maua meupe meupe yaliyosongamana. Ndiyo maana huonekana dirishani wakati wa machipuko, kuanzia Aprili mpaka katikati ya kiangazi. Anataka kutoka. Ameshazaliwa ndani, mara nyingi ameshataga ndani, na sasa anafuata mwanga. Ukimwona dirishani ujue kazi imeshafanyika kwengine, gizani, na aliyeifanya ni mtoto wake.

Mtoto huyo nilimtafuta usiku ule ule. Nilisogeza kochi, nikaliinua zulia pale linapokutana na ukuta. Nyumba tunayokaa ni ya matofali mekundu, ya zamani, zimeungana mtaa mzima ukuta kwa ukuta, na zulia la sebuleni na vyumbani ni la sufu halisi, limepigiliwa kutoka ukuta hadi ukuta na watu waliokaa kabla yetu. Tulipolikuta tulifurahi, sufu ni ghali. Chini ya ukingo wake, kwenye mstari wa vumbi, nywele na makombo ambao mashine ya kufyonza haiufikii, walikuwapo. Buu wa mbawakawa wa zulia ana urefu wa milimita nne au tano, mnene kidogo kwa nyuma kuliko mbele, amejaa mistari ya kahawia nyepesi na nzito, na amevaa manyoya mwili mzima. Nyuma ana vishada vya manyoya ambavyo akiguswa huvifungua kama ufagio. Wengi wa niliowaona hawakuwa hai. Hawakuwa hata wafu. Yalikuwa ni maganda waliyojivua, matupu, mepesi kiasi kwamba nilipohema yakaruka. Buu mmoja hujivua mara nyingi maishani mwake, na kila ganda hubaki na manyoya yake yote.

Na hayo manyoya ndiyo niliyokuwa nayatafuta tangu Februari bila ya kujua. Vile vishada vya nyuma vina manyoya ya aina ya pekee, kila unywele una ncha kama mkuki wenye vijino vya kurudi nyuma, na hung'oka kwa urahisi. Ni silaha yake. Chungu au mdudu mwengine akimvamia hujikuta amenaswa na mikuki hiyo, kadiri anavyojitoa ndivyo inavyozidi kumfunga. Kwa binadamu manyoya hayo huchanganyika na vumbi, huingia kwenye nguo na shuka, na baadhi yetu ngozi zetu haziyastahimili. Vipele vyake huonekana kama umeumwa, lakini hakuna aliyeuma; buu huyu hana haja na damu ya mtu wala mdomo wa kuinyonya. Wengine huwawasha macho, wengine huwatoa mafua yasiyoisha.

Nilibaki na swali. Sote tunakaa nyumba moja, tunakanyaga zulia moja, kwa nini yeye tu?

Nilipiga magoti tena kando ya kitanda chake, na safari hii sikutazama godoro. Nilitazama chini ya kitanda. Kulikuwa na mfuko wa kitambaa niliousukuma huko tulipohamia, miaka mitano nyuma, ili usipotee. Ndani yake mlikuwa na joho la babu.

Niseme kidogo kuhusu joho hili. Ni la sufu nyeusi, laini, jepesi kuliko linavyoonekana, na shingoni mpaka kifuani limetiwa zari ya dhahabu. Lilitoka Oman kabla mama yangu hajazaliwa. Babu alilivaa siku za Idd na siku za harusi tu, na siku aliyomwoza mama yangu alilivaa, ipo picha. Kwetu Kikwajuni, Unguja, lilikaa kwenye kasha, lile kasha la mbao nzito lenye misumari ya shaba, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa ila mara moja kwa mwaka. Babu alipofariki, mama alinipa mimi kwa sababu nilikuwa nasafiri. Alisema, "Nenda na kitu cha kwenu."

Nililitoa mfukoni nikalitandaza kitandani. Upande wa mgongo ulikuwa na matundu, mengine kama dengu, mengine yameungana kuwa mapengo ya kutia vidole vitatu. Kingo zake zilikuwa safi, zimekatika kama kwa mkasi. Hapakuwa na utando wala vijifuko vya nyuzi, na hapo nikajua kwamba hawakuwa nondo wa nguo, maana buu wa nondo husokota hariri yake na kuiacha kila anapopita, pamoja na kinyesi chenye rangi ya kitambaa alichokula. Huyu wa kwetu haachi utando; kinachoonekana ni maganda. Yalikuwa yamejaa kwenye mikunjo, mamia, kama pumba. Pale shingoni sufu ilikuwa imekwisha kabisa, lakini zari ilibaki. Dhahabu hailiwi. Ule mshono wote wa fundi wa Oman, majani na mawimbi yake, ulikuwa unaning'inia hewani, haukushikilia kitu.

Nililia. Mume wangu alikuja akanikuta nimekaa pale, akachukua mfuko akautoa nje bila ya kuniuliza.

Asubuhi nilimpigia mama. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijafika mbali nikaanza kumwomba radhi. Hakugombana. Aliniuliza jambo moja ambalo tangu siku ile halijanitoka: "Ulikuwa ukilianika?"

Nikamwambia sikuwahi. Kuna jua gani hapa la kuanika?

"Mwanangu," akasema, "ile sufu ni nywele. Nywele huliwa. Kwani wewe ulidhani tunaanika kwa ajili gani?"

Nilidhani ni kwa ajili ya ukungu na harufu. Kila mwaka masika yakishapita, jua likitulia, mama na shangazi walifungua kasha, wakatoa kila kilichomo, wakakitandaza uani juani tangu asubuhi. Wanakigeuza. Wanakikung'uta kwa nguvu, wanakipiga kwa ufagio wa chelewa, wanapitisha mkono kwenye kila mkunjo na kila mfuko. Kasha lenyewe hupanguswa ndani, huachwa wazi, kisha hufukizwa udi. Magharibi nguo hurudi zimekunjwa kwa mikunjo mipya, si ile ya zamani. Sisi watoto tulikimbizana baina ya kamba za nguo na kunusa udi. Hakuna aliyetuambia jambo.

Sasa nimesoma vya kutosha kuona kwamba kila kipande cha kazi ile kina maana. Buu huyu anachukia mwanga. Ukimweka juani anakimbia. Mayai yake hayakugandamana sana na kitambaa, ukikung'uta na kupiga mswaki yanaanguka. Anapenda pasipoguswa, mkunjo ule ule mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo kubadilisha mikunjo ni kumvunjia nyumba. Joto nalo linamuua, na jua la Unguja juu ya sufu nyeusi si jambo dogo. Udi sidhani kama ulimdhuru. Nauacha kwa ajili ya harufu yake na kwa ajili ya mama. Lakini ule ukungutaji, na ule ukaguzi wa mkono kwenye kila mkunjo, ndiyo kazi ile ile wanayoifanya watunzaji wa makumbusho ya Ulaya leo, wenye glovu na brashi laini. Joho lilidumu kwenye kasha zaidi ya nusu karne. Kwangu liliisha kwa miaka mitano.

Mama hakumjua mdudu kwa jina la zulia. Kwetu tunakalia mkeka na busati, tunavaa pamba, sufu ni kitu cha nadra. Lakini nilipomtumia picha ya buu kwa WhatsApp alinijibu papo hapo: "Huyu si ndugu yao wale wa papa mkavu?" Na amesema kweli, kwa jicho tu, bila ya kitabu. Wale mabuu wenye manyoya wanaotoka kwenye ng'onda na papa aliyekaa sana, wanaowatesa wachuuzi wa samaki wakavu pwani na kwenye maziwa yetu, ni wa jenasi ya Dermestes, na wote hawa ni ukoo mmoja, Dermestidae. Ni ukoo wa watafuna vikavu. Kazi yao katika dunia ni kumaliza kile ambacho funza na fisi wamekiacha: ngozi iliyokauka, mishipa, manyoya, pembe. Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la London hufuga mbawakawa wa aina hiyo kwa makusudi, huwapa mizoga wakaisafisha mpaka mfupa mweupe, kwa uangalifu ambao kisu hakiwezi.

Hilo la kula sufu si dogo. Sufu, nywele, manyoya ya ndege na kucha vimejengwa kwa protini ngumu iitwayo keratini, ambayo minyororo yake imefungwa pamoja kwa vifungo vya salfa. Wanyama karibu wote hawaiwezi. Ndiyo maana paka hutapika nywele zake. Hawa wachache wana matumbo yanayoweza kuvikata vifungo hivyo. Bila viumbe wa namna hii misitu ingejaa manyoya. Ninalisema hili na joho la babu yangu likiwa limetobolewa, na bado ninalisema, kwa sababu limenisaidia kuelewa kwamba nilichokuwa nacho chini ya kitanda hakikuwa balaa wala uchafu. Kilikuwa mzoga mkavu wa kondoo, gizani, pasipoguswa, na mdudu aliufanyia kile anachoufanyia kila mzoga.

Kuna jengine lililonishangaza. Wapo watu walioyafuga mabuu haya kwenye giza la kudumu na joto lisilobadilika, wasijue mchana wala usiku, kiangazi wala baridi. Mtafiti G. M. Blake aliandika mwaka 1959 kwamba hata hivyo mabuu hugeuka bundo, ile hatua baina ya buu na mdudu mzima, kwa zamu, kwa mzunguko unaokaribia mwaka, kana kwamba wana kalenda tumboni. Mdudu wa milimita tano chini ya zulia anaujua mwezi. Na chakula kikiwa haba hana haraka; anaweza kubaki buu mwaka wa pili, hata wa tatu, akijivua ganda na kungoja. Kwa hiyo anayekuambia kwamba amepiga dawa mara mbili na mambo yamekwisha, hajamjua huyu ni nani.

Na yupo ndugu yao mmoja ambaye kila nikimfikiria naona kama nimekutana na mtu wa kwetu kwenye basi. Anaitwa Attagenus smirnovi, mbawakawa wa kahawia mwenye kichwa cheusi, mrefu zaidi kuliko wa kwangu. Alielezwa kisayansi mwaka 1973 kutokana na wadudu waliookotwa Moscow, ndani ya nyumba za watu, na leo ni msumbufu wa majumba na makumbusho ya Ulaya ya Kaskazini. Lakini asili yake ni Afrika, na Kenya ni miongoni mwa makao yake. Hapa Ulaya hawezi kuishi nje, baridi inamshinda. Anaishi ndani tu, kwenye nyumba zenye hita. Nilimsomea mume wangu habari zake kwa sauti, na yeye ni mtu wa Malindi ya Kenya.

Sasa tulifanyaje. Joho tulilitia kwenye mfuko wa plastiki, tukatoa hewa, tukafunga, tukaliweka kwenye friza kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Kisha tukaliacha ndani ya mfuko huo huo siku nzima mpaka lipate joto la chumba, ili unyevu ugande juu ya plastiki na si juu ya sufu. Sweta za mtoto nazo zilipita huko. Vinavyostahimili maji ya nyuzi 60 vilifuliwa. Zulia la chumbani kwake tuling'oa, na chini yake tukakuta kitambaa kizito cha manyoya ya wanyama kilichotandikwa miaka hiyo ili kupooza sauti za hatua, nacho tukakitoa. La sebuleni tumelibakisha, ila kila Jumapili nafyonza kingo zote kwa mdomo mwembamba wa mashine, nyuma ya kochi, chini ya kabati, ndani ya matundu ya hita ambamo nywele za familia nzima hujikusanya. Mfuko wa mashine hautulii ndani. Unatoka siku hiyo hiyo.

Shangazi yangu aliyeko Muscat alinihimiza nitie vidonge vya nafthalini kila sanduku, kama wanavyotia wote. Nilimkatalia kwa adabu, na hapa naomba wazazi wanisikilize. Watu wa pwani yetu, na wa Oman pia, wengi wana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, jambo tunalorithi na ambalo wengi hawajui kama wanalo. Kwa mtu wa hivyo nafthalini inaweza kuvunjavunja seli nyekundu za damu. Wako watoto wachanga waliopata manjano ya hatari kwa kuvishwa tu nguo zilizotoka kwenye sanduku lenye vidonge hivyo. Nguo itaokolewa kwa njia nyengine.

Vipele vya mtoto vilikwisha wiki ya tatu baada ya zulia kutoka. Sikualika watu Ramadhani ile, na hilo nalijutia mpaka leo. Lakini sikukuu ya pili, Idd Kubwa, nyumba ilijaa, na nilisimama nikawaeleza wanawake wenzangu kila kitu, kunguni wa kudhaniwa na mbawakawa wa kweli. Wawili wakanifuata jikoni. Mmoja alikuwa ameshatupa godoro na vitanda viwili.

Kilichobaki kilikuwa chanzo. Zulia na joho vilikuwa chakula, lakini walitokea wapi? Wataalamu wengi huelekeza macho juu: viota. Kiota cha ndege ni ghala la manyoya, ngozi na makinda yaliyokufa, na mbawakawa hawa waliishi humo kabla binadamu hajafuma sufu. Nilipanda dari mwezi wa Juni nikasikia makinda ya shomoro yakilia chini ya ukingo wa paa, sawasawa juu ya chumba cha mtoto. Hapa Uingereza sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 hairuhusu kuondoa kiota kinachotumika, nami nisingetaka. Tukangoja. Oktoba, ndege wameshaondoka, mume wangu alikitoa kwa koleo na kukitia kwenye mfuko. Nilikichambua uani juu ya gazeti. Majani makavu, manyoya, uzi wa buluu wa plastiki, na maganda yale yale, mengi kuliko niliyoyakuta kwenye joho.

Tuliziba mwanya kwa waya wa matundu madogo. Tukaweka mitego ya gundi kwenye kila dirisha, na binti yangu, ambaye sasa ana miaka minane na hamwogopi mdudu yeyote, ndiye mwenye daftari la hesabu. Jumamosi asubuhi anapita na lenzi ya baba yake, anahesabu, anaandika tarehe na dirisha. Joho limetundikwa kabatini ndani ya mfuko wa pamba ulioshonwa pande zote. Julai hii tumelitoa uani, mama akiwa kwenye simu ya video anatuelekeza: geuza, kung'uta, pitisha mkono hapo, hapo, si hapo. Matundu sijayatia kiraka. Mama anasema nisubiri aje yeye.

Daftari la mwaka huu linasema dirisha la sebuleni: sifuri. Dirisha la ngazi: mmoja. Dirisha la chumba cha mtoto: watatu, wote baina ya tarehe 9 na 23 Mei. Watatu hao hawakutoka kwenye joho wala kwenye kiota, maana joho limefungwa mfukoni na kiota hakipo tena. Mume wangu amegonga ubao wa sakafu karibu na dohani ya zamani iliyozibwa, na anasema panalia patupu. Jumamosi tunaufungua.